Kila Mtoto kwa Kadiri Yake, na Waalimu kwa Shauri Moja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waalimu na wazazi katika siku za Yubilei)



Tumetakiwa na halmashauri ya Yubilei kunena machache juu ya kazi ya shule. Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kusimulia habari za majengo: jinsi shule zilivyoanza chini ya miti, zikapata makuti, kisha mabati, hata leo zina kuta za mawe. Habari hizo ni njema, nasi twashukuru. Lakini sisi twataka kunena juu ya lile linalotendeka ndani ya kuta hizo, saa ile mwalimu amesimama mbele ya watoto sitini au themanini, na kila mmoja wao ana kadiri yake ya kufahamu. Maneno yetu ni mawili. La kwanza, kumfundisha kila mtoto kuanzia pale alipo. La pili, waalimu kuandaa masomo yao kwa shauri moja. Nanyi mtaona ya kuwa maneno hayo mawili yahitajiana kama jembe na mpini.

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe.

Katika shule moja tuliyofundisha miaka iliyopita, palikuwa na mtoto wa darasa la nne, mpole, asiyekosa kuja hata siku moja. Kila alipoitwa kusoma alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti nzuri bila kukwama. Sote tulimsifu. Ikawa siku moja akaja mwalimu mgeni, kijana aliyetoka chuo cha ualimu mwaka ule ule, akamwita asome. Mtoto akasimama, akasoma kama desturi yake. Yule mwalimu akamsogelea apate kumsikiliza vema, akatazama kitabu, akaona ya kuwa ukurasa unaosomwa haumo. Ulikwisha kuchanika na kupotea. Mtoto alikuwa akisoma maneno yasiyokuwapo mbele ya macho yake. Mwalimu akampa kitabu kingine, cha darasa la pili, naye hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Herufi zenyewe alizijua nusu. Kile kitabu cha darasa la nne alikuwa amekishika kwa masikio, kwa kuwasikia wenzake wakisoma siku baada ya siku.

Tulipopewa habari hizi katika chumba cha waalimu, neno la kwanza lililotutoka vinywani halikuwa neno la majuto. Mwalimu wa darasa la tatu alisema mtoto alimfikia hali hiyo hiyo kutoka darasa la pili. Wa darasa la pili akasema naye alimpokea hivyo kutoka darasa la kwanza. Wa darasa la kwanza akasema, “Mimi nina watoto zaidi ya mia, nitamjuaje kila mmoja?” Kila mtu alisema kweli, wala hapana hata mmoja aliyekuwa na haki. Kwa miaka minne mtoto yule alipita mikononi mwetu kama mzigo unaopokezanwa na wapagazi, na hakuna aliyeufungua apate kuona yaliyomo.

Juma lililofuata, mwalimu mgeni alitushawishi kuwapima watoto wote wa darasa la nne. Hakutaka mtihani wa kuandika. Alichukua karatasi nne tu: ya kwanza ina herufi, ya pili ina maneno mafupi, ya tatu ina habari ya mistari minne, na ya nne ina hadithi ya kadiri ya darasa la pili. Tukawaita watoto mmoja mmoja kando, mbali na macho ya wenzao, kila mmoja akasoma hata pale alipokwama. Kazi hiyo ilikwisha kwa siku mbili. Watoto walioweza kusoma ile hadithi hawakufika nusu ya darasa. Basi tukafahamu ya kuwa yule mtoto hakuwa peke yake; yeye alikuwa hodari wa kuficha tu kuliko wengine.

Ndugu zetu, msidhani ya kuwa jambo hili ni la shule moja au la nchi moja. Katika nchi ya India, chama kiitwacho Pratham, kilichoanza kazi yake katika mitaa ya maskini ya Mumbai katikati ya miaka ya 1990, kiliona neno lilo hilo. Tangu mwaka 2005 watu wake wamekuwa wakizunguka vijijini, nyumba kwa nyumba, wakiwasomesha watoto karatasi rahisi kama zile tulizozitaja, ili kila mzazi aone kwa macho yake kadiri ya mwanawe. Hapa kwetu, katika Kenya, Tanzania na Uganda, kazi ya namna hiyo ilianzishwa na Uwezo mwaka 2009. Habari zilizopatikana zilihuzunisha wengi: walionekana watoto waliokwisha kukaa shuleni miaka mingi, nao hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili wala kutoa hesabu zake.

Sababu yake ni nini? Hatutaki kusema ya kuwa watoto ni wavivu au kwamba waalimu hawana huruma. Sababu iko katika mwendo wa kazi yenyewe. Azimio la kazi lasema ya kuwa juma hili darasa lote liwe ukurasa wa arobaini. Mwalimu amewekwa chini ya sheria ya kumaliza kitabu, kwa hiyo huwatazama wale wanaomfuata, nao ndio walioketi mbele na kuinua mikono. Mtoto aliyeshindwa na jambo moja leo, kesho hupewa jambo la pili linalosimama juu ya lile la kwanza. Na kwa kuwa hana la kwanza, la pili nalo humpita. Hata mwisho huketi darasani kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, akinyamaza kwa adabu.

Wala kumfundisha kila mtoto kwa kadiri yake si jambo geni. Watu wa pwani walijua tangu zamani. Katika vyuo vya Kurani kila mtoto alikuwa na ubao wake na mahali pake alipofika. Huyu alikuwa katika herufi, yule katika sura fupi, na mwingine amekaribia kuhitimu, nao wote waliketi juu ya jamvi moja. Mwanafunzi mkubwa aliwasaidia wadogo, na mwalimu alimsikiliza kila mmoja kwa zamu yake. Katika shule zetu za kwanza za misioni hali ilikuwa karibu na hiyo, kwa kuwa mwalimu alikuwa mmoja tu, na wanafunzi wake walikuwa watoto na watu wazima pamoja. Hakuweza kuwapa wote somo moja hata kama angetaka. Baadaye yakaja madarasa ya kufuata miaka, kila darasa na kitabu chake. Mpango huo una faida nyingi, nasi hatuutukani. Lakini pamoja nao yaliingia mawazo ya kwamba watoto wa darasa moja ni sawasawa kwa kila jambo. Mawazo hayo si kweli, wala hayakuwa kweli wakati wo wote. Vidole vya mkono mmoja havilingani.

Tena liko jaribio kubwa lililofanywa katika magharibi ya Kenya, lililoanza mwaka 2005, nasi twaona yafaa mlijue. Zilichaguliwa shule 121, kila moja ikaongezewa mwalimu mmoja ili darasa la kwanza ligawanywe mafungu mawili. Karibu nusu ya shule hizo ziligawanya watoto kwa kadiri ya maarifa yao. Nyingine ziliwagawanya bila kuangalia kadiri. Baada ya mwaka mmoja na nusu watoto walipimwa. Wataalamu waliolifanya jaribio hilo, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walitangaza mwaka 2011 ya kuwa shule zilizogawanya watoto kwa kadiri zao zilitangulia, na waliofaidiwa walikuwa watoto wa mafungu yote mawili, wepesi na wazito. Sababu moja waliyoitaja ni hii: mwalimu aliyepewa watoto wanaokaribiana aliweza kulilenga somo lake pale walipo.

Pratham nao wamefanya kazi kwa njia yao. Kwa saa moja au mbili kila siku, watoto huacha darasa lao la desturi, wakakusanywa kwa kadiri ya kusoma au ya hesabu. Wasiojua herufi hukaa pamoja, ijapokuwa mmoja ni wa darasa la tatu na mwingine wa la tano. Mtoto akiisha kushinda hatua yake, huhamishwa mara hiyo hiyo, hangoji mwisho wa mwaka. Mwaka 2016 serikali ya Zambia ilianza kuijaribu njia hiyo kwa watoto wa darasa la tatu hata la tano, na nchi nyingine za Afrika zimeifuata.

Basi sisi nasi tukajaribu, kwa kadiri ya uwezo wetu. Tukachukua saa ya kwanza ya kila siku, tukawapanga watoto wa darasa la tatu na la nne katika mafungu manne, na kila mwalimu akapewa fungu moja. Shida ilizuka siku ya tatu. Baba wa yule mtoto tuliyemtaja alikuja shuleni asubuhi, amevaa kanzu yake ya kwendea barazani. Akasimama mlangoni, akauliza, “Mwalimu, mwanangu amekosa nini, hata mkamrudisha kwa watoto wadogo? Wenzake wamcheka njiani.”

Sote tulinyamaza. Mwalimu mkuu wetu akamkaribisha kiti, akamwambia, “Baba, mwanao hakukosa neno. Sisi ndio tuliokosa, miaka minne. Twaomba utuachie muhula mmoja tulitengeneze.”

Mzee yule hakujibu upesi. Mwisho alisema, “Muhula mmoja,” akaenda zake.

Maneno yake yalitufunza jambo ambalo hatukulisoma kitabuni. Kugawanya watoto kwa kadiri zao kwaweza kuponya, na kwaweza kuua. Kukiwa ni kwa saa moja, kwa ajili ya jambo moja, na mlango uko wazi wa kuhama, mtoto ataona ya kuwa anasaidiwa. Lakini akiitwa “mzito” mchana kutwa na mwaka mzima, atalikubali jina hilo, akaishi nalo. Kwa hiyo tukaweka kanuni tatu. Mafungu yasiitwe kwa majina ya sifa wala ya aibu. Kila baada ya majuma manne watoto wapimwe tena na kuhamishwa. Na saa iliyobaki ya siku watoto wote wakae pamoja, kwa kuwa mtoto asiyesoma vema aweza kuwa wa kwanza katika kuimba, katika bustani, au katika kueleza habari kwa kinywa, na wenzake wayaone hayo.

Sasa twafika neno la pili, yaani waalimu kuandaa masomo kwa shauri moja.

Katika majuma yale ya kwanza tuliona ya kuwa mwalimu mmoja, akiwa peke yake usiku na taa yake, hawezi kuandaa kazi za namna tatu au nne kwa somo moja, kisha akafanya hivyo kila siku. Atachoka kabla ya mwezi kwisha, na kurudi katika ukurasa mmoja kwa wote. Hapo ndipo tulipokumbuka methali, ya kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu wa elimu walilijua hilo. Mwaka 1925 ilipofunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, waalimu waliofundishwa humo hawakukusudiwa kukaa katika shule zao peke yao. Walipaswa kuzunguka shule za vijijini, kuwasaidia waalimu wenzao kuitengeneza kazi. Maana yake ni kwamba mwalimu naye ahitaji mwenzi.

Lakini waliolifikisha jambo hili mbali ni waalimu wa Ujapani. Kwao iko desturi ya zamani, iliyoanza katika karne ya 19, iitwayo jugyo kenkyu, yaani kulichunguza somo. Waalimu wachache huketi pamoja na kuandaa somo moja, neno kwa neno: swali gani litaulizwa kwanza, watoto watajibu nini, watakosea wapi, na ubaoni kitaandikwa nini. Kisha mmoja wao hulifundisha, na wenzake husimama kandoni, wakiwatazama watoto wala si mwalimu. Baadaye hukaa tena, wakalitengeneza somo, na mara nyingine mwalimu wa pili hulifundisha katika darasa lingine. Desturi hiyo imefika kwetu pia. Mwaka 1998, kwa msaada wa Ujapani, ilianza kazi ya kuwaimarisha waalimu wa hesabu na sayansi katika shule za sekondari za Kenya, na mafundisho yake ni kupanga, kutenda, kutazama na kutengeneza. Mwaka 2005 waalimu wa Jimbo la Kati la Zambia walianza kulichunguza somo kwa pamoja, na kazi hiyo ikaenea katika majimbo mengine.

Tuwape mfano wa kwetu, mdogo, mpate kuona faida yake. Ijumaa moja tuliketi kuandaa somo la kutoa: hamsini na mbili, toa ishirini na saba. Kila mmoja wetu alileta daftari za watoto wake, nasi tukashangaa kuona kosa lile lile katika madarasa mawili. Watoto wengi waliandika thelathini na tano. Kila mwalimu alidhani ni ukaidi wa watoto wake. Tulipozitazama daftari pamoja, tuliona ya kuwa watoto wana kanuni yao: katika kila safu huchukua namba ndogo na kuitoa katika kubwa, ijapokuwa ndogo ndiyo iliyo juu. Kwao mbili haiwezi kutoa saba, basi huigeuza wakatoa mbili katika saba.

Tukaandaa kazi tatu. Fungu la kwanza wapewe vijiti, vimefungwa kumi kumi. Fungu la pili waandike hesabu, kisha waihakikishe kwa vijiti. Fungu la tatu watunge wenyewe habari ya sokoni inayohitaji hesabu hiyo. Mwalimu mmoja akafundisha, na sisi wawili tukasimama kandoni na kalamu. Fungu la kwanza likashindwa kabisa. Watoto walivitazama vijiti viwili vilivyo huru, wakavitazama vifungu vitano, wakakaa kimya. Mwenzetu mmoja aliona msichana mdogo akishika kifungu, akakigeuzageuza, akakirudisha chini. Baada ya somo akamwuliza kwa upole mbona hakukifungua. Akajibu, “Mwalimu umekifunga sana. Nilidhani haturuhusiwi kufungua.”

Ndugu zetu, tulikuwa tumekifunga kwa uzi na fundo gumu, ili visitawanyike. Na somo lote lilisimama juu ya kukifungua kile kifungu, kumi moja iwe vijiti kumi. Mwalimu aliyefundisha hakuweza kuliona hilo, kwa kuwa alikuwa na watoto wote mbele yake. Alilolijua ni kwamba watoto hawajibu. Jumatatu mwalimu wa pili alilifundisha somo lilo hilo katika darasa la pili, vifungu vimefungwa kwa ukambaa wa mgomba, fundo la kuvuta mara moja. Yeye mwenyewe akafungua cha kwanza mbele ya watoto. Siku hiyo hata fungu la kwanza walifika ishirini na tano, nao walijua kwa nini.

Tuliwaza baadaye: kama kila mtu angaliandaa peke yake, angaliandika katika daftari lake ya kuwa watoto ni wazito, na fundo lile lingalibaki.

Najua wako wanaosema, “Waalimu wana kazi nyingi, wapate wapi saa ya kukaa pamoja?” Neno hilo ni la kweli, nasi hatulipuuzi. Twawajibu ya kuwa sisi tulianza na saa moja kwa juma, na somo moja tu kwa mwezi la kulichunguza. Andalio lililokwisha kutengenezwa hubaki shuleni, mwaka ujao hutumika tena, na mwalimu mpya hulikuta tayari. Wengine husema mwalimu ataona haya kutazamwa na wenzake. Ni kweli pia. Kwa sababu hiyo tuliagana ya kuwa somo ni letu sote, likiharibika, hatusemi “somo lako,” twasema “somo letu.” Na mwalimu mkuu asilitumie saa hiyo kwa kukagua, maana siku atakapolifanya hivyo waalimu wataanza kuficha, kama mtoto yule alivyotuficha kwa miaka minne.

Mtapenda kujua mwisho wake. Hatutawaambia ya kuwa alikuwa wa kwanza darasani, maana haikuwa hivyo. Katika muhula ule mmoja alitoka katika herufi akafika katika habari fupi. Baba yake alikuja siku ya kufunga shule, mtoto akamsomea barua ya kaka yake aliye kazini mjini, polepole, kidole chini ya kila neno. Mzee alisikiliza hata mwisho, akaikunja barua, akatuambia, “Zamani nilikuwa nikimwomba jirani.” Lakini mtihani wa darasa la saba mtoto hakuushinda. Tulichelewa kumjua. Leo ni fundi seremala, aandika hesabu za wateja wake kwa mkono wake mwenyewe. Nasi tukimwona njiani hukumbuka wenzake waliotoka mikononi mwetu kabla ya mwaka ule, ambao hapana aliyeuona ukurasa wao uliopotea.

Basi twaomba mambo matatu. Ninyi wakuu wa shule, wapeni waalimu wenu saa moja kila juma ya kuandaa pamoja, na mwilinde saa hiyo kama mlindavyo saa ya mtihani. Ninyi waalimu wenzetu, kabla ya muhula ujao kwisha msikilizeni kila mtoto akisoma, mmoja mmoja, katika karatasi asiyoijua. Nanyi wazazi, mtoto arudipo nyumbani msimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mpeni barua au gazeti, mseme, “Mwanangu, nisomee hapa.” Akishindwa, msimpige, mleteni kwetu, tukae pamoja naye na ninyi.

Shule zetu zimepewa miaka mingi, na Yubilei hii ni shukrani kwa waliozijenga. Sisi tuliozirithi tuna watoto wanaotungoja Jumatatu asubuhi.